Hadithi ya Bran ilisimuliwa na nani?

Nimeirudia tena sehemu ya mwisho ya Game of Thrones, na bado nashikilia lile nililolisema tangu siku ya kwanza: watu wengi wamekasirikia pasipo. Kila mazungumzo ya tamthilia hii yanapozuka, iwe kazini, iwe harusini tunaposubiri biharusi atolewe, lawama zinamwendea Daenerys, yule malkia mwenye majoka. Ati watunzi wamemharibu. Ati haiwezekani mwanamke aliyewafungua watumwa akageuka kuuchoma mji uliokwisha kusalimu amri. Mimi naona inawezekana kabisa, na nitaeleza kwa nini. Kidonda changu kiko mbele kidogo, pale mabwana wakubwa wanapokaa kuchagua mfalme, na Tyrion, mshauri wa Daenerys, pingu mikononi, anawaambia kwamba hakuna chenye nguvu duniani kuliko hadithi nzuri, na mwenye hadithi ya kuwashinda wote ni Bran, yule kijana wa ukoo wa Stark anayeona yaliyopita. Wakakubali mmoja baada ya mmoja. Nchi ikapata mtawala kwa hoja ya hadithi.

Mimi nimelelewa kwa hadithi. Hoja ile ilinigusa mahali ninapopathamini sana, na ilinikera palepale.

Sehemu ile ilikuwa ya 73 tangu tamthilia ilipoanza Aprili 2011. Marekani ilioneshwa usiku wa Jumapili, tarehe 19 Mei 2019. Kwetu ikawa Jumatatu, saa kumi za alfajiri. Na mwaka ule Mei iliangukia Ramadhani. Kwa hiyo wakati mashabiki wa nchi nyingine walitega saa ndipo waamke, sisi Unguja tulikuwa macho tayari, taa zinawaka nyumba nzima, sinia la wali liko mkekani. Sijui kama kuna tamthilia nyingine ya kigeni iliyowahi kutufikia saa ya daku namna ile.

Si wengi walioiona alfajiri ile, lakini. Hapa mjini watu wengi hungoja flashi. Unampelekea kijana wa duka la muvi kule Darajani flashi yako, unamtajia unachotaka, unakwenda zako sokoni, ukirudi ameshakujazia msimu mzima. Na wapo wasioangalia kitu mpaka kiingizwe sauti ya Kiswahili, msimulizi mmoja anawasemea wote, mfalme na mbwa wake. Nyumbani kwetu Miembeni kulikuwa na king'amuzi, tukaipata moja kwa moja.

Msimulizi siku ile nilikuwa mimi, kwa sababu ya Mama mkubwa. Alikuwa amekuja kutoka Wete, Pemba, kwa matibabu ya macho, akakutana na mwisho wa kitu ambacho hakujua mwanzo wake. Niseme wazi kwamba tamthilia hii ina mambo mengi ya utupu na haiangaliwi mbele ya wakubwa, sembuse Ramadhani. Misimu yote niliiangalia chumbani kwangu. Siku ile nilikaa ukumbini na rimoti mkononi, kidole tayari. Alhamdulillahi, sehemu ya mwisho haikuwa na aibu hizo. Ilikuwa na majivu, maiti na maneno mengi, na Mama mkubwa, ambaye Kiingereza hakijui, alitaka kila neno.

Alikuwa anachambua miba ya changu, anamtilia vipande mjukuu wake aliyekuwa ameanza kufunga mwaka ule. Tyrion aliposhuka chini ya ngome iliyobomoka, akauona mkono wa dhahabu umechomoza kwenye kifusi, akaanza kuondoa tofali moja moja, Mama mkubwa akaacha kuchambua. Akauliza kina nani hao waliolala pale. Nikamwambia kaka yake Jaime na dada yake Cersei.

"Dada yake si ndiye uliyenambia alikuwa akitaka kumuua?"

"Ndiye."

"Na anamlilia?"

"Anamlilia."

Akamtilia mtoto kipande cha samaki. "Basi ana kwao huyo," akasema.

Nimesoma maoni mengi kuhusu tukio lile, ya watu waliomfuata Tyrion misimu yote minane. Hakuna aliyemfikia Mama mkubwa.

Sasa Daenerys. Wanaosema amegeuzwa ghafla wanasahau tulichokuwa tukishangilia. Msimu wa kwanza anamtazama kaka yake akimiminiwa dhahabu ya moto kichwani, uso haukunji. Kule mji wa Meereen aliwagongelea misumari mabwana wa watumwa 163, kwa sababu wao waliwagongelea watoto 163, na hakuuliza nani kati yao alihusika na nani hakuhusika. Msimu wa saba akawachoma moto baba na mwana wa nyumba ya Tarly, mateka waliokataa kumpigia magoti. Kila mara tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na bado nakumbuka furaha yangu. Tyrion anamwambia Jon, mpenzi wa Daenerys, jambo hilohilo gerezani: kila alipowaua waovu tulimsifu, naye akazidi kuamini kwamba yeye ndiye kipimo cha wema. Hayo mazungumzo ya gerezani ni marefu, na kuna waliolalamika kwamba yanachosha. Kwangu mimi ni uti wa mgongo wa sehemu nzima.

Kosa la watunzi ni haraka, na hapo nakubaliana na walalamikaji. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ukapewa saba, wa nane ukapewa sita. Mtu aliyejengwa taratibu hivyo, akabomolewa kwa sehemu mbili tatu: kafiwa na rafiki yake Missandei, kakosa mapenzi aliyoyataka, kengele za kusalimu amri zinalia, kachoma. Sababu zote zipo, ila hazikupewa nafasi ya kuiva. Mtazamaji anabaki anahesabu sababu kichwani wakati alitakiwa azihisi kifuani.

Yule Mvunja Minyororo, kama walivyomwita, mimi siwezi kumtazama kama anavyomtazama mtu wa mbali. Mji wetu una Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa palepale penye uwanja wa soko. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Na wale waliotolewa majahazini walikwenda wapi? Wengi walipelekwa Mbweni, ambako wamisionari wa UMCA, wale Waanglikana, walinunua shamba mwaka 1871. Wakapewa pa kuishi, wakapewa skuli, wakapewa na dini ya waliowakomboa. Nimepita Mbweni mara nyingi, na kila mara huwa najiuliza walisema nini wao wenyewe kuhusu kukombolewa kwao, jioni, wakiwa peke yao, hakuna padri anayesikiliza.

Kwa hiyo Daenerys aliposimama juu ya ngazi, jeshi lake limejipanga chini kwenye majivu, akawaambia Wasiotiwa Doa, askari wake waliokuwa watumwa, kwamba vita havijesha, kwamba wataikomboa dunia nzima kutoka Winterfell mpaka Dorne, kutoka Lannisport mpaka Qarth, mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama Grey Worm, kamanda wao. Huyu alichukuliwa mtoto, akahasiwa, akafundishwa kuua, akafunguliwa. Na kazi ya kwanza aliyopewa akiwa huru ni ileile. Alfajiri ile ameshawachinja mateka waliopigishwa magoti. Anapandishwa cheo mbele ya wote, uso umekauka. Mama mkubwa aliuliza, "Huyo naye mtumwa wake?" Nikamwambia hapana, huyo kamwacha huru. Hakunijibu.

Kifo cha Daenerys nitakipita haraka, maana kimeandikwa na kila mtu. Ametembea mpaka kwenye kile kiti cha enzi cha chuma, paa limebomoka, majivu yanamwagika kama theluji. Ndivyo alivyoona katika maono msimu wa pili, ila kule aligeuka kabla hajakigusa; safari hii anakigusa, asikikalie. Jon anambusu, anamchoma kisu. Nilitafsiri kwa sauti ya chini.

Kilichofuata ndicho kizuri kuliko vyote katika saa ile. Drogon, joka alilolilea Daenerys, alikuja, akamsukuma mama yake kwa pua aone kama ataamka. Akapandwa na ghadhabu, akafungua mdomo, na sote tulidhani Jon kwisha habari yake. Moto ukapita pembeni. Ukakiendea kiti. Kile kiti, ambacho watu waliuana kwa ajili yake tangu msimu wa kwanza, kikalainika, kikachuruzika sakafuni kama samli. Wengine wanasema mnyama hawezi kuelewa, alichoma tu kilichokuwa mbele yake. Sikubali. Kafiwa, na katika ukumbi ule yeye peke yake ndiye aliyemjua muuaji. Kisha akambeba mama yake kwa ukucha mmoja, taratibu, akaondoka naye. Na muziki wa mtunzi Ramin Djawadi chini yake unajua mahali pa kunyamaza.

Laiti wangeishia hapo.

Lakini likaja baraza. Mabwana na mabibi wamekaa viti vyao, jua linawaka, na Samwell, rafiki wa Jon, anasimama kwa haya kusema kwamba mfalme anawatawala watu wote, basi labda watu wote waulizwe. Wakacheka. Mmoja akasema na mbwa nao wapige kura, mwingine akasema atamuuliza farasi wake. Nilipomaliza kutafsiri, mtoto alicheka pia, maana farasi alimfurahisha. Mama mkubwa hakucheka. Yeye amepiga foleni ya kura kila uchaguzi tangu kura za vyama vingi ziliporudi, mwaka 1995, na foleni za Pemba anayezijua anazijua. "Wanacheka nini?" akaniuliza, na alitaka jibu. Nikamwambia wanaona ni upuuzi, raia kuulizwa. Akasema, "Mji wa watu umeungua juzi, hao waliobaki hawakualikwa hata mmoja?"

Hawakualikwa. Nimerudia tukio lile nikiwatafuta, na hawamo. Hamna muuza mkate, hamna mama aliyefiwa, hamna hata mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia vichochoroni wiki moja kabla. Grey Worm yumo, amesimama, anaambiwa na mtu mmoja apewe ardhi, yeye na watu wake, kama fidia. Akakataa. Anataka haki, na haki hawakuwa nayo.

Ndipo Tyrion akatoa hotuba yake ya hadithi. Na mimi hapa ndipo ninapopinga kwa moyo wote.

Mama mkubwa ndiye aliyetusimulia utotoni, likizo zote tulizokwenda Wete. Usiku, kibatari kiko kando, anasema paukwa, na sisi tunajibu pakawa. Akisema paukwa tukakaa kimya, haendelei. Anangoja. Atasema tena. Tukiwa tumesinzia sote, hadithi haipo usiku ule, hata kama yeye anaijua mwanzo mpaka mwisho. Hivyo ndivyo nilivyojifunza hadithi ni nini: ina anayetoa na ina wanaopokea, na hao wanaopokea wanadai. Wanauliza sungura akasemaje, wanakasirika fisi akipata, na msimulizi inambidi awajibu.

Bran alimsimulia nani? Anajua yote, sawa. Anaona yaliyopita na yanayotendeka mbali. Lakini nitajieni usiku mmoja aliokaa na mtu akampa hadithi yake. Alipoagana na Meera, yule binti aliyemburuta kwenye theluji mpaka nyumbani kwao, aliyempoteza nduguye kwa ajili yake, alimwambia ahsante, basi. Meera akatoka machozi yanamtoka, akisema Bran wa zamani alifia pangoni. Alipokaa na dada yake Sansa chini ya mti mtakatifu, alimkumbusha usiku wa harusi yake na yule mtesaji, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni, mpaka Sansa akanyanyuka akaondoka. Msimu wa tano mzima Bran hakuonekana kabisa, na tamthilia ikaenda bila yeye. Huyo ndiye mwenye hadithi kuwashinda dada zake Arya na Sansa, na Brienne, yule mwanamke askari?

Halafu likaja lile jibu lake. Tyrion anamuuliza kama atakubali ufalme, naye anasema, kwani unadhani kwa nini nimekuja mpaka huku. Nilitafsiri bila kufikiri. Mama mkubwa akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo alikuwa anajua."

"Anaona mengi, ndivyo wanavyosema."

"Anajua, kanyamaza, watu wameungua, na leo ndiye mfalme?"

Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Watetezi wa mwisho ule wana maelezo marefu kuhusu Bran kuona yaliyopita zaidi kuliko yajayo. Nimeyasoma. Lakini sentensi ile aliisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu hiyohiyo, dakika chache baadaye, ilionesha hadithi inavyofanya kazi hasa. Brienne amekaa mezani, mbele yake kitabu kikubwa cha walinzi wa mfalme. Anafungua ukurasa wa Jaime, yule kaka yake Tyrion. Ni ukurasa uliokuwa karibu mtupu. Msimu wa nne mfalme Joffrey alimdhihaki Jaime kwa ajili ya ukurasa huo, kwamba hakuna aliyekumbuka kuandika matendo yake. Brienne anachovya kalamu, anaanza. Anaandika ngome alizoziteka, anaandika alivyotekwa, anaandika mkono alioupoteza, anaandika kwamba aliapa kupigana na wafu akatimiza. Huyu ni mwanamume aliyempa heshima ya ushujaa mbele ya watu, kisha akamwacha usiku uani, analia kwa sauti, akamfuata Cersei. Angeweza kuandika hayo. Alikuwa na kalamu na hakuna aliyemsimamia. Akafika mwisho, akasita. Unaiona ile kusita, kalamu iko juu ya karatasi. Akaandika kwamba alikufa akimlinda malkia wake. Akangoja wino ukauke, akafunga.

Mama mkubwa alitaka nimsomee mstari kwa mstari. Nikamsomea. Akauliza, "Huyu mwanamke si ndiye aliyeachwa?" Nikasema ndiye. Hapo adhana ya alfajiri ikaanza, tukanywa maji upesi kabla haijapita, nikazima. Yaliyobaki, Jon kurudi kaskazini na mbwamwitu wake Ghost, Sansa kuvishwa taji, Arya kwenda magharibi ya ramani, tuliyaona kwenye marudio ya usiku baada ya tarawehe, na kusema kweli ni mazuri kwa macho. Jon kumshika Ghost kichwa, baada ya kumwacha sehemu mbili nyuma bila hata kumgusa, kulituliza watu wengi, nikiwamo mimi.

Baadaye tukasikia kwamba watu zaidi ya milioni moja wametia saini ombi la mtandaoni wakitaka msimu wa nane utengenezwe upya na watunzi wengine. Septemba mwaka uleule tamthilia ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Sikutia saini. Wasimulizi wa kwetu wana kawaida ya kumaliza kwa kusema ikiwa njema, wema wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wangu peke yangu. Mama mkubwa alikuwa haachi kuyasema hayo, hata tukiwa tumeshalala nusu. Msimulizi akishasema hivyo, huwezi kumnyang'anya hadithi ukampa mwingine. Unaweza kumkabili yeye, umwambie alipokukosea, na ndicho ninachokifanya hapa kwa Benioff na Weiss, walioiandika na kuiongoza sehemu ile wenyewe.

Kwa hiyo nawaambia. Hamkukosea kwa Daenerys, mlimharakisha tu. Kwa Drogon mlipatia mno. Kwa Brienne mlinipa dakika mbili nitakazozikumbuka kuliko vita vyote mlivyovipiga. Kwa Bran mlitoa hoja ambayo hamkuiamini wenyewe, maana mngeiamini mngemwacha asimulie. Na kuna mtu mliyemwacha njiani. Grey Worm anapanda jahazi lake, anasema wanaelekea Naath, kamera inaondoka. Naath ni kwao Missandei, siyo kwao yeye. Alimwahidi kwamba vita vikisha watakwenda wote, awalinde watu wake. Sasa anakwenda bila yeye, na jeshi zima la wanaume wasiojua kazi nyingine, kwenye kisiwa cha watu wasiopigana. Lugha ya mabwana wa Westeros, nchi ile waliyoipigania, alifundishwa na Missandei. Ya Naath, hatukuoneshwa nani alimfundisha. Hiyo ndiyo sehemu niliyotaka kuiona, na ningekesha tena kuingoja, Ramadhani au siyo Ramadhani. Nataka kujua walipotia nanga ufukweni nani aliwapokea, waliwaelezaje wenyeji kwamba binti yao amekufa mbali, na usiku wa kwanza, silaha zimewekwa chini, hao watu huru walilala kwa nani.